Mama wa Ghorofa ya Nne

Sehemu ya Saba

"Huyu mama ndiye aliyenileta hapa," alisema Bi Katibu huku akigonga karatasi kwa kidole. "Nataka kumwona. Leo hii, kabla sijaondoka."

Binti yetu bado amesimama pale pale, msomaji, katikati ya karakana, midomo imemkauka. Juma zima amesimama hivyo akitusubiri sisi. Kama gazeti la wiki iliyopita jirani alilichukua asilirudishe, pole sana. Nitakupa yaliyopita kwa ufupi, na ninyi mnaoyajua mvumilie kidogo.

Binti ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu. Anasomea uandishi wa kikazi: barua, ripoti, maombi, vijitabu. Mhadhiri wao ana utaratibu wake. Kila muhula huwagawa wanafunzi kwenye vyama vidogo vya mtaani wakaviandikie bure, kwa sababu vyama hivyo vina kazi nyingi na watu wa kuziandika havina. Binti alipangiwa karakana inayounda viti vya magurudumu na kuwagawia wasioweza kutembea. Pale karakanani walimwita Mwandishi, na jina likamkaa.

Mkuu wa chama ni mwanamke wa makamo anayeitwa Mama Viti. Amepewa notisi. Jengo walilomo linabomolewa Ijumaa ijayo. Nyuma ya soko kuna ghala la manispaa limekaa tupu, na kamati ya majengo italitoa kwa chama kimoja tu. Mwandishi akaandika ombi. Ombi likapendwa, na katibu wa kamati hiyo, Bi Katibu, akaja mwenyewe kuiona karakana. Kilichopendwa kuliko vyote ni ukurasa wa nne, habari za mama mmoja wa ghorofa ya nne aliyekaa miaka sita bila kukanyaga ardhi, mpaka karakana ilipompa kiti.

Tatizo ni moja tu. Mama huyo hayupo. Mwandishi alimtunga.

"Mwandishi," alisema Mama Viti, uso umemchangamka, "si namba yake unayo? Mpigie aje, nitatuma mtu amlete."

Mmeona balaa hilo? Mama Viti mwenyewe aliamini.

"Mama," alisema Mwandishi, "nakuomba stoo mara moja."

"Stoo kuna nini?"

"Kuna... ile namba."

Stoo ya karakana ni chumba cha hatua tatu kwa mbili. Matairi yamening'inia kwenye misumari, na makopo ya grisi yamepangwa hadi darini. Mwandishi alifunga mlango akauegemea.

"Mama, namba hakuna. Na mama mwenyewe hakuna. Ule ulikuwa mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa kuonyesha habari itakavyokaa. Chuoni ndivyo tunavyofundishwa. Kama hujapata mtu wa kumhoji, unaandika mfano, halafu unaupaka rangi ya njano kwenye kompyuta. Kila anayesoma anajua hapa bado, patajazwa. Ukurasa wote wa nne niliupaka njano, mama. Nikaenda kwenye mitihani nikijua nikirudi utanipa mtu wa kumhoji. Narudi, nakuta umeshapeleka."

"Njano?" Mama Viti alikunja uso. "Njano ipi? Mimi sikuona njano."

"Kwenye kompyuta ilikuwepo."

"Mimi sisomi kwenye kompyuta, macho yananiuma. Fundi Spoki alinichapia..." Akashika kichwa. "Printa yetu haina wino wa rangi tangu mwaka jana."

Wakatazamana. Ile njano ilitoka nyeupe kama karatasi yenyewe, na maneno meusi juu yake yakasomeka kama habari ya kweli.

"Lakini mama, viti vyote vinatokea hapa. Hukushangaa kuwa humjui?"

"Nilidhani ni mtu wa Spoki. Si yeye anayepeleka viti majumbani? Na Spoki naye..."

"Alidhani ni mtu wako."

"Alidhani ni mtu wangu! Tena aliniambia, 'Mama, yule mama wa ghorofani amenitoa machozi.' Nikamjibu, hata mimi, Spoki, hata mimi."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Leo hakuna aliyecheka.

"Tutoke tumwambie," alisema Mwandishi. "Kosa ni langu, nitasema mwenyewe."

Mama Viti aliketi juu ya rundo la matairi. Akainamisha kichwa. Alipoinua uso, haukuwa tena ule uliochangamka.

"Uani kuna viti thelathini na viwili," alisema. "Kila kimoja kina mwenyewe, na mwenyewe yuko ndani kwake anakingoja. Ijumaa tingatinga linakuja. Ukishatoka na huo ukweli wako, mwanangu, nionyeshe pa kuvipeleka."

Mwandishi alishika kitasa cha mlango.

"Njia ya mwongo ni fupi, mama."

"Fupi inanitosha. Nataka inifikishe saa sita tu, Bi Katibu akiondoka." Alishatoa simu. "Haloo, wifi? Uko wapi? Achana na hayo mapazia. Vaa gauni la heshima, pitia mlango wa nyuma, njoo karakanani sasa hivi. Nasikia una miguu. Leo huna."

Wifi yake anakaa uchochoro wa pili, na ni mtu ambaye hajawahi kuitwa kwenye shughuli akachelewa. Baada ya dakika kumi aliingia, amepaka wanja, kiatu kirefu mguuni, anauliza shughuli ni ya nani.

Uani, Spoki alikuwa ananyoosha ringi. Huyu ndiye fundi mkuu. Mwenyewe anatembelea kiti tangu ana miaka kumi na tisa, na hakuna gurudumu mtaani ambalo hajaligusa.

"Spoki, nipe kiti kimoja kilichokwisha," alisema Mama Viti.

"Cha nani?"

"Cha wifi."

Spoki aliangalia vile viatu virefu. Aliviangalia kwa muda.

"Mzima huyu?"

"Spoki, nakuomba. Nitakueleza baadaye."

"Mama, nimefanya kazi na wewe miaka kumi na moja, na sijawahi kukukatalia kitu," alisema Spoki taratibu. "Hiki nakukatalia."

Mama Viti hakubishana naye. Alienda mwenyewe, akavuta kiti cha tatu kwenye mstari, kipya, chenye karatasi ya jina la mwenyewe mgongoni. Akaibandua karatasi na kuitia mfukoni. Spoki akarudi kwenye ringi yake, lakini spana ilikuwa imetulia mkononi.

"Na wewe umekubali?" alimuuliza Mwandishi bila kumtazama.

"Nimenasa, kaka. Nikisema, mnafukuzwa. Nisiposema, ndiyo hivi."

"Haya," alisema Spoki.

Neno hilo moja lilimuuma Mwandishi kuliko tusi. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akatamani kukimbia. Alitazama mlango wa nyuma, Wifi alishaufunga kwa kitasa. Alitazama geti, gari la manispaa limeegeshwa pale, limeziba kote, dereva amelala na kofia usoni. Angepita wapi? Juu ya paa?

Simu ikatetema. Ujumbe kutoka kwa mhadhiri. *Nimesikia kamati iko hapo leo. Hongera. Kesho nitausoma ukurasa wa nne mbele ya darasa zima, wenzako wajifunze.*

Akairudisha mfukoni kama mtu aliyeokota kaa la moto.

"Mwandishi!" Sauti ya Bi Katibu kutoka ofisini. "Njoo na kalamu."

Bi Katibu ni mama mfupi, miwani minene, mkoba mapajani. Aliletewa soda akaiacha bila kuigusa. Mama Viti aliingia akimsukuma Wifi, na gurudumu likagonga fremu ya mlango mara mbili kabla ya kupita.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye mimi," alidakia Wifi kabla mwingine hajajibu. "Mama wa ghorofa ya nne mwenyewe. Ukitazama chini, dada yangu, watu wadogo kama punje za mchele."

"Pole sana."

"Tumeshapoa."

Bi Katibu alimgeukia Mwandishi. "Kamati inahitaji maelezo ya mnufaika kwa maandishi. Wewe ndiye uliyeandika mwanzo, basi andika na haya. Anachosema, vilevile anavyosema. Mwisho utaweka jina lako na sahihi, kwamba umeshuhudia."

Mnamwona binti wa watu? Alikuja kujitolea kalamu yake. Sasa kalamu hiyo hiyo ndiyo inayomfungia mlango.

"Ulikaa juu miaka mingapi?"

"Tisa," alisema Wifi.

Mama Viti akakohoa.

"Sita," alisema Wifi. "Halafu ile mitatu ya kuzoea."

Mwandishi aliandika: sita, halafu mitatu ya kuzoea.

"Hapa imesemwa ulikuwa unaijua saa kwa kengele ya shule iliyo mbele ya dirisha lako. Hebu niambie, asubuhi zilikuwaje?"

"Asubuhi nilikuwa nalala."

"Na kengele?"

"Nazisikia huku nimelala."

"Kilichokuuma zaidi ni nini?"

Wifi alifikiri. Hili alilifikiria kweli, nampa haki yake. "Mgongo," alisema. "Na kutotembelewa. Mtu unaweza kufa ndani watu wakajua kwa harufu. Na mbu."

Bi Katibu alitikisa kichwa polepole. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kiganja chako."

"Unasoma nyota?"

"Nipe tu."

Wifi akautoa mkono. Bi Katibu aliushika kwa mikono yake miwili, akapitisha kidole gumba katikati ya kiganja, kutoka kwenye vidole hadi kifundo.

"Kaka yangu, Mungu amrehemu, alitembelea kiti miaka ishirini," alisema. "Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu. Tulikuwa tunamtania kwamba akikupiga kofi utadhani umegongwa na ubao."

Kiganja cha Wifi kilikuwa laini, kinanukia losheni, na kucha zilipakwa rangi jana.

Bi Katibu aliurudisha mkono ule taratibu, akauweka juu ya paja la mwenyewe.

"Una mikono mizuri," alisema. Akamgeukia Mwandishi. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika na hilo la mikono. Halafu weka sahihi."

Anajua! Mwandishi aliinua macho, na yale ya Bi Katibu yalikuwa yanamngoja. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanasubiri kuona binti huyu atafanya nini. Mama Viti hakuliona hilo. Alikuwa anatabasamu, jasho linamtiririka shingoni, na kwa chini chini anamfanyia Mwandishi ishara ya kuandika.

Kalamu ikagusa karatasi. Herufi ya kwanza ya jina lake ikatoka.

"Hodi hapa! Samahanini, wakubwa."

Mlangoni alisimama mwanaume wa miaka thelathini na kitu, amevaa aproni ya kinyozi, nywele za wateja bado ziko mabegani. Ametoka mbio, amemwacha mtu kitini. Mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nani anahusika na viti?"

"Mimi," alisema Mama Viti. "Lakini tuna kikao, baba. Ungesubiri nje."

"Sitakaa. Nimekuja kuchukua kiti cha mama yangu tu."

Akaikunjua ile karatasi. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa nne. Kamati ilikuwa imebandika maombi yote kwenye ubao wa manispaa ili watu wa mtaa wayasome, na mteja wake mmoja alikuwa ameuchukulia nakala akamletea jana jioni.

"Hii hapa," alisema Kinyozi. "Jengo la nyuma ya kiwanda cha unga, ghorofa ya nne, lifti mbovu, dirisha linaangalia shule. Miaka sita hajashuka. Ni mama yangu huyu. Pale ghorofa ya nne hakuna mwingine wa namna hiyo, mimi nimezaliwa pale. Hamkumtaja jina, sawa, ni adabu. Na imeandikwa amepewa kiti. Sasa sisi kiti hatujakiona. Nikasema labda kimekwama hapa ofisini, nije nikibebe mwenyewe nisiwasumbue."

Hapa lazima nimseme Mwandishi, maana hili hakumwambia mtu. Jengo lile analipita kila asubuhi akija karakanani. Siku moja aliona mkono ukitoa kopo la maua dirishani, ghorofa ya nne, ukalirudisha ndani. Mkono tu. Mengine yote aliyatoa kichwani, bwenini, huku anakula karanga. Miaka aliiandika sita kwa sababu sita ilisikika vizuri kuliko tano.

Kinyozi akamwona Wifi. Akaona kiti. Akatazama tena karatasi.

"Samahani, mama," alimuuliza kwa adabu, "wewe ndiye uliyepewa?"

"Mimi?" alisema Wifi. "Mimi nimekaa tu."

Hata dereva kule getini nadhani aliamka.

"Nilijaza fomu hapa mwaka juzi," alisema Kinyozi. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. "Mwaka jana nikajaza nyingine. Nikaambiwa ningoje, nikangoja. Sikatai, wenye shida ni wengi. Lakini kama cha mama kimekwenda kwa mwingine, mniambie tu. Sitafanya fujo."

Sasa mwangalieni Mama Viti. Mtu mwingine angezimia. Yeye alipiga makofi.

"Mwanangu, karibu! Umefika wakati wake. Kiti cha mama yako ndicho hiki! Wifi, inuka."

Wifi akainuka. Akasimama kwa miguu yake miwili, viatu virefu na yote, mbele ya kamati ya majengo.

"Bi Katibu, nisamehe," Mama Viti aliendelea bila kupumua. "Huyu ni wifi yangu, alikuwa anatujaribia breki. Nilipaniki ulipotaka kumwona mama leo leo, kumbe mwanawe yuko njiani. Mama wa ukurasa wa nne ni mama wa huyu. Kiti ndiyo kinatoka, unakiona. Kila kitu kilichoandikwa ni kweli, ila kilichelewa kidogo."

Nimesoma na kusikia uongo mwingi, msomaji, na ule ulikuwa mzuri. Ulimtosha kila mtu. Kinyozi angetoka na kiti. Karakana ingepata ghala, na vile viti vingine uani vingepata pa kulala. Mhadhiri angesoma ukurasa wake darasani kwa furaha. Ulikosa shahidi mmoja tu, na shahidi huyo alikuwa ameshika kalamu.

Bi Katibu alivua miwani, akaifuta kwa kanga ya begani, akairudisha.

"Binti," alisema. "Nakuuliza wewe, simuulizi mwingine. Ulipanda ghorofa ya nne, ukakaa na mama wa huyu kijana, akakusimulia uliyoyaandika? Ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, muhuri ninao humu kwenye mkoba, nagonga sasa hivi na tunaagana."

Midomo ya Mama Viti ilisema *ndiyo* bila sauti. Kinyozi alikuwa anaitikia kwa kichwa, anamsaidia, maana alitaka sana iwe kweli. Alitaka kuamini kwamba kuna siku mtu alipanda ngazi zile akakaa na mama yake. Nyuma yao, Spoki alikuwa amefika mlangoni, kiti chake kimejaa kwenye upana wote wa mlango.

Ndiyo ni neno fupi. Lilishafika kwenye ulimi.

"Hapana," alisema Mwandishi.

"Sema vizuri."

"Hapana. Sijawahi kumwona. Nilitunga, nikapaka njano ili ibadilishwe. Njano haikutoka. Na huyu dada nilijua anaigiza, nikaandika hivyo hivyo." Machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya karatasi ya maelezo, na sahihi ya herufi moja ikaanza kuvuja. "Nisamehe, kaka. Sikujua kama kuna mtu kule juu."

Kinyozi aliikunja karatasi yake mara mbili, kisha mara nne kama ilivyokuwa.

Mama Viti alitafuta kiti cha kukalia, akakosa, akakaa kwenye kile cha magurudumu. "Umetumaliza, mwanangu," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, halafu akajifunika uso kwa mikono.

Bi Katibu alifungua jalada. Akachukua ombi, kurasa zote saba, akapiga mstari kutoka kona hadi kona.

"Kamati haiwezi kutoa jengo kwa ombi la uongo," alisema. "Hata ningetaka. Na nilitaka, Mungu ananiona. Ukurasa ule niliusoma mara tatu." Akafunga jalada. "Limekwisha."

Wifi aliinama akavua viatu vyake virefu.

"Kwa hiyo," Kinyozi aliuliza, "kiti hakipo?"

Kabla hajajibiwa simu yake ikalia. Ni simu kuukuu, sehemu ya kusikilizia sikioni imekufa, inatoa sauti kwa spika tu, kwa hiyo ofisi nzima ilisikia.

"Wamekupa, baba?" Sauti ya mama mtu mzima, anahema.

"Mama, kuna mambo kidogo hapa. Nisubiri, nakuja nikueleze."

"Usikawie. Mimi nimeshatoka."

"Umetoka wapi?"

"Nyumbani. Niko kwenye ngazi."

Kinyozi aliishika simu kwa mikono miwili. "Nani kakutoa, mama? Nani yuko na wewe?"

"Nimejitoa mwenyewe. Nashuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama yule wa kwenye karatasi. Si wewe uliyenisomea jana? 'Siku ya kiti alishuka mwenyewe hadi chini.' Wewe ukasema ni mimi; mimi nikasema ni mwenzangu wa ngazi hizi hizi, na kama yeye kaweza, mimi nina nini? Nataka ukifika na kiti unikute chini, watu wanione."

Mwandishi aliikumbuka sentensi hiyo. Aliiandika mwisho wa ukurasa kwa pumzi moja, akaona imekaa vizuri, akazima kompyuta akalala.

"Mama, usisogee. Nakuja sasa hivi. Waite majirani."

"Nimeita, wako makazini wote. Sasa nimefika hapa kwenye kona, kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, na chuma cha kushikilia kimekwisha. Mbele ukuta mtupu. Nimekaa ukingoni, mikono imekwisha nguvu. Kurudi juu siwezi, chini siwezi." Akahema. "Huyo aliyeandika yupo hapo?"

Kinyozi alimtazama Mwandishi, akamnyooshea simu.

"Yupo, mama."

"Haya, mwulize upesi. Yule mama alipofika kwenye kona hii, alipitaje?"